Nani Atamjengea Nasteha?

Alhamisi, 3 Aprili

"Wifi yangu Khadra anajua kusoma vitabu vya watu waliokufa, lakini mpe ufito mmoja aukunje uone. Siku Nasteha akiolewa, nyumba nitaijenga mimi, na mahali pa mama nitasimama mimi."

Hayo ni maneno ya Batula, dada ya mume wangu. Ameyasema leo asubuhi pale wanawake wanapouzia maziwa, kando ya stendi ya Garsen, kwa sauti ya mtu anayetangaza kupotea kwa ng'ombe. Mimi sikuwapo. Nimeletewa maneno yakiwa bado moto na watu watatu, na kila mmoja aliapa kwamba yeye umbeya haupendi.

Najibu. Si kweli kwamba nasoma waliokufa tu. Walio hai nawasoma pia, na ndio wanaoniudhi zaidi. Kuhusu ufito, ni kweli sijaukunja. Umri wa kufundishwa kujenga ulinikuta bwenini, nikikaririshwa mito ya Ulaya, nami hadi leo naweza kukutajia yote kutoka kaskazini hadi kusini, na hajatokea mtu wa kuniuliza. Tena nimesema redioni, na nitasema tena nikiitwa, kwamba desturi yetu Waorma ya kumwachia mwanamke kazi yote ya nyumba, tangu kukata miti hadi kuezeka, huku mwanamume akingoja kuingia na kusema "karibuni kwangu", ni dhuluma iliyofunikwa mikeka. Neno silifuti.

Ama mahali pa mama, hapo mlangoni mama wa bibi arusi anapomwingiza mwanawe nyumbani, Batula asijisumbue. Nasteha hahitaji nyumba ya fito. Mchumba wake, Molu, amekodi vyumba viwili vya mawe nyuma ya kituo cha mafuta. Arusi ni tarehe kumi na saba Mei. Mjadala umefungwa.

Ijumaa, 4 Aprili

Umeme hakuna tangu alfajiri. Duka kama langu, la kupiga chapa na kutoa nakala, likikosa umeme, ni chumba chenye mwanamke mwenye hasira.

Jumapili, 6 Aprili

Mjadala umefunguliwa, nami nimeushindwa ndani ya nyumba yangu, tena na mtoto niliyemfundisha mwenyewe kubishana.

Nasteha ni muuguzi wa zahanati. Amerudi kutoka zamu, akavua viatu, akaketi karibu nami, akasema kwa ule upole wake ninaouogopa:

"Mama, nataka nyumba ya arusi. Ya fito na mikeka. Bila hiyo siolewi."

"Molu amekodi vyumba. Vina bomba."

"Bomba halina maji, mama."

"Yatakuja."

"Vyumba ni vya mwenye nyumba. Mkataba una jina la Molu. Mimi pale nitaingia kama kabati linavyoingia. Nyumba ya fito mwanamke hujengewa na mama yake, ikawa yake. Mume akileta fujo, anayetoka ni mume. Wewe ukigombana na baba huwa unakwenda wapi?"

Huwa nakwenda dukani. Miaka yote ya ndoa yangu, nikigombana na Abdullahi, nachukua kitabu, nakwenda dukani, nakaa juu ya katoni za karatasi mpaka aje kuniuliza majani ya chai yako wapi. Nilikuwa nikijisifu kwamba nimesusa. Leo ndiyo mara ya kwanza nimejiuliza kwa nini anayesusa huwa mimi kila siku, na jibu ni kwamba nyumba ni yake.

"Ulinisikia redioni," nikasema, kwa kuwa lazima niseme kitu.

"Nilikusikia. Ulisema kazi ni ya nani. Hukusema nyumba ni ya nani."

Kisha akaongeza, bila kunitazama: "Shangazi Batula ameshasema yuko tayari kujenga. Lakini mimi nataka uwe wewe."

Abdullahi alikuwa pembeni akijifanya anasoma habari kwenye simu. Akakohoa. "Haya ni mambo ya wanawake, mimi simo."

Nikamwambia sentensi hiyo ndiyo ugonjwa wa taifa zima. Akasema chai imepoa.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemweleza Dama, Mgiriama anayeuza leso mlango wa pili na duka langu, ambaye ni rafiki yangu tangu sote wawili tulipokuwa wembamba. Amecheka hadi akaangukia leso za mteja.

"Wewe, Mama Nasteha? Wewe ndoo ya maji humwita mtu akutwishe."

Rafiki ni mtu anayekujua, na huo ndio ubaya wake.

Jumatano, 9 Aprili

Mzee amekuja kupigwa picha ya kitambulisho akataka kompyuta imtoe mvi. Nimezitoa. Akaitazama picha, akasema huyu ni mdogo wake aliyeko Hola, akakataa kuichukua.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua ya kwanza. Udongo wetu mweusi, ambao jana ulikuwa mgumu wa kuvunjia nazi, leo ni uji. Basi la kwenda Lamu limezama karibu na njia panda, na abiria wametembea hadi stendi wamebeba viatu kama watu wanaobeba kuku. Bwana mmoja mwenye suti ameniuliza kama mji huu una mahali pazuri pa kunywa kahawa. Nimemwelekeza kwa Gedi, Msomali mwenye hoteli mbele ya duka langu. Gedi amempa chai ya maziwa ya ngamia, kisha akamweleza historia ya kila ngamia. Basi lilipotolewa tope, bwana alikuwa kwenye ngamia wa tatu. Ameachwa. Nilimwona jioni amejipanga vizuri kwenye benchi, suti imekunjwa hadi magotini, akibishana na watu asiowajua kuhusu bei ya mbuzi. Watu wanaouita mji wetu kituo cha kushuka kwenda chooni waje wamwone yule bwana.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeamua kujifundisha mwenyewe. Kuna mtu asiyejua kwamba mimi nilijifundisha kutengeneza mashine ya nakala kwa kuifungua?

Nyuma ya duka mathenge imejaa tele, mti ambao serikali ilituletea utuzuie upepo, nao ukatuzuia sisi. Nikakata tawi moja refu, nikalichomeka chini, nikalikunja taratibu kuelekea upande wa pili. Lilikubali. Lilikubali sana. Lilifika karibu na udongo, nikawa natafuta kamba kwa mkono wa kushoto, ndipo likabadili mawazo. Limenichana mkono, limepaa juu ya ukuta, limeangusha antena ya Gedi wakati watu wakitazama mpira.

Wanaume wote wa hoteli wametoka nje. Nikawaambia ni upepo.

"Upepo wenye miiba," Gedi akasema, akiokota tawi langu.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimekwenda kwa Batula.

Anakaa nje kidogo ya mji, kwenye nyumba yake ya fito, ya mviringo, mgongo wake kama nusu ya yai. Alikuwa akikamua. Hakugeuka.

"Umekuja kunitangaza redioni?"

"Nimekuja unifundishe."

Akaendelea kukamua mpaka chuchu ya mwisho. Mimi nimesimama kwenye tope na viatu vyangu vya dukani.

"Umejaribu mathenge," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Wifi, antena imeanguka watu wakiwa wanangoja penalti. Hata Mombasa wanajua."

Akanitia maziwa kwenye kikombe. Nikayanywa. Yana ule moshi wa kibuyu ambao kila mara hunirudisha utotoni, na nilikasirika kwa kuwa nilikuwa nimekuja kupambana na sasa nilikuwa naomba kikombe cha pili.

Amekubali, kwa masharti. Nije kila jioni nikifunga duka. Nisilete kitabu. Na tukifanya kazi nisitumie neno "dhuluma" kabla ya magharibi.

Jumatatu, 21 Aprili

Mafundo. Vidole vyangu vimevimba. Nimelitumia lile neno mara mbili, Batula akaniongezea kamba.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumekwenda kukata fito kando ya mto, upande wa Kulesa, ambako Batula ana marafiki Wapokomo wanaompa njia ya kupita mashambani mwao. Anachagua mti kama mimi ninavyochagua kamusi: anaupima kwa mkono, anaunusa, anaukunja kidogo, anaurudisha kwa dharau. Tulibishana njia nzima. Mimi nilisema kazi hii ingegawanywa na wanaume. Yeye akasema ukimruhusu mwanamume kufunga fundo moja, kesho atasema nyumba ni yake. Hiyo ni hoja. Siikubali, lakini ni hoja, na watu wengi ninaowasoma hawana hata moja yenye urefu huo.

Tulipokaa kupumzika nilimuuliza kwa nini alinitangaza vile mbele ya wauza maziwa.

Akang'oa nyasi, akaanza kuzisuka bila sababu.

"Mungu kanipa wavulana watano. Wazuri, wala sina lalama. Lakini nyumba ya arusi hujengwa na mama wa msichana. Nimewasaidia wanawake wote wa ukoo huu kujenga. Yangu mwenyewe ya kusimama mlangoni sitaipata. Nasteha nilimbeba mgongoni wewe ukiwa chuoni. Nikasema, kama mama yake hataki, basi."

Nilichukua fungu la fito, nikajitwisha mwenyewe, tukaondoka.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Mbu. Mvua.

Ijumaa, 2 Mei

Mto umepanda na hotelini kila mtu ni mtaalamu wa mafuriko. Gedi anasema maji hayatafika. Mwaka ule aliposema hivyo aliuza chai juu ya meza.

Nyasi zimeota vizuri. Oliver, seremala wetu Mpokomo, ameanza kitanda cha maarusi, futi sita kwa sita, mbao za mwembe. Molu kaniomba nichague nakshi za ubao wa kichwani. Nimechagua maua. Nasteha amenikumbatia hadharani mbele ya karakana, jambo ambalo hajalifanya tangu alipokuwa darasa la nne.

Jumatano, 7 Mei

Tumeanza. Nyumba inajengwa uani kwetu, mbele ya ile ya mawe, na wanawake wa ukoo wamekuja asubuhi na mapema, kila mmoja na kamba zake na maoni yake. Batula hakushika kitu cha kwanza. Alinipa mimi. Nikachimba shimo, nikasimamisha mti, nikaukunja. Wote wakaacha kamba zao wakingoja uruke.

Haukuruka.

Shangazi mmoja mzee, ambaye tangu niolewe huniita "yule wa vitabu", leo kaniita Mama Nasteha.

Abdullahi amepita, akatazama, akauliza kama kuna chakula.

Jumamosi, 10 Mei

Nataka niandike jambo hili kabla sijaliona aibu: nina furaha. Nimeamka na mgongo uliokufa, kucha nyeusi, na nikatoka mbio kwenda uani kama mtoto anayekwenda kuangalia mtego. Duka nimemwachia Dama. Ameandika mlangoni: "Mwenye duka anajenga." Anasema wateja wanakuja kuhakikisha, kisha wanatoa nakala moja kwa heshima.

Jumanne, 13 Mei

Imekwisha. Fito zimefungwa, nyasi zimelazwa, mikeka ya milala imevutwa juu yake ikatulia. Tumepima mteremko, upepo, njia ya maji, upande ng'ombe wanakorudia jioni. Mvua ya jana usiku imeipiga mpaka alfajiri, nami nikaingia na taa: kavu. Hakuna hata tone.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika mkono ukiwa na tope hadi kiwiko, na sioshi mpaka nimalize.

Baada ya sala, Oliver amekuja na kitanda juu ya mkokoteni wa punda. Turubai likaondolewa, vigelegele vikapigwa, na kwa kweli kitanda kilistahili: mbao zinang'aa, maua yamechongwa kama yaliyochumwa asubuhi. Wanaume wanne wakakiinua, wakakipeleka mlangoni mwa nyumba, wakasimama.

Mlango wa nyumba ya fito unanifika kifuani. Ndivyo unavyokuwa, mtu aingie ameinama. Upana wake unatosha mwanamke na kibuyu chake.

Walikigeuza ubavu. Walikisimamisha wima. Walikipindua miguu juu. Gedi, aliyekuja na birika, akashauri kiingizwe "kwa pembe", na alipoulizwa pembe ipi akaanza kumimina chai.

Nikamtazama Batula. Naye alikuwa ananitazama mimi, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sijakiona hata siku moja. Batula alikuwa hajui.

Hapo nikaelewa. Tangu mababu, kitanda cha nyumba hii ni miti inayofungwa humo humo ndani wakati wa kujenga, kama mbavu za pili. Hakuna mama wala bibi wa ukoo wetu aliyewahi kuona kitanda kikija kutoka nje. Hilo swali halikuwahi kuwapo. Na safari hii kwa kuwa kitanda kilikuwa kinachongwa na Oliver, tuliacha kujenga cha ndani, tukamaliza kila kitu kingine kwa ustadi mkubwa, wote tukikijua kitanda, wote tukikisifu, mimi mwenyewe nikiwa nimechagua maua.

"Oliver," nikasema, "kinafunguka?"

"Mama, nilimuuliza Molu: nikufanyie cha kufunguka au cha kudumu? Akasema cha kudumu. Hiki ni gundi na vigingi. Ukikifungua umekipasua."

Mtu nyuma akataja msumeno. Oliver akapanda juu ya kitanda akakaa katikati, miguu ameikunja.

"Tufungue ubavu mmoja wa nyumba," akasema shangazi mzee.

"Hapana," Batula akajibu. "Nyumba ya arusi haifunguliwi hata fundo kabla bibi arusi hajaingia. Ikifunguliwa ni kuanza upya." Akatazama juu. Wingu lilikuwa limekaa kule mtoni, jeusi. Arusi kesho.

Nasteha alikuwa dirishani kwenye nyumba ya mawe, hina mbichi mikononi, hawezi kushika wala kutoka.

"Mama? Shangazi? Kuna nini?"

"Hakuna kitu," tukajibu sote wawili kwa pamoja.

Molu, maskini, akataka kusaidia. Akasema kitanda kingeweza kupelekwa kwa muda kwenye vile vyumba vya nyuma ya kituo cha mafuta.

"Kipeleke," Nasteha akasema kutoka dirishani. "Na wewe ulale huko nacho."

Watu wakacheka, lakini si wote. Mama ya Molu hakucheka. Nikaona wanawake wa upande wake wameanza kunong'onezana, na nikajua maneno ya kesho yatakuwa yapi: kwamba mama wa vitabu alitaka kujenga, akajenga nyumba isiyoingia kitanda. Hilo ningelivumilia. Nimesemwa vibaya zaidi. Lakini nikamwona Batula ameinamisha kichwa, Batula ambaye hajawahi kumwinamishia mtu kichwa, na nikajua lawama atabeba yeye, kwa kuwa yeye ndiye fundi. Hilo sikuweza.

Nikashika nguzo moja kwa hasira, nikaitikisa. Ikacheza.

Nikaitikisa tena, taratibu.

"Batula. Nguzo hizi zimezama kiasi gani?"

"Kama mkono hadi kiwiko."

"Na mvua imenyesha tangu Jumatatu."

Akaitazama miguu yangu, iliyokuwa imezama kwenye uji mweusi hadi vifundoni. Akaelewa kabla sijamaliza.

"Wewe mwanamke," akasema polepole, "unataka nyumba itembee."

"Isitembee. Iinuke tu. Kitanda kipite chini, kisha ishuke."

Tulijipanga wanawake, tukajaribu. Ikanyanyuka upande mmoja, ikatushinda. Hatukutosha kuzunguka. Nikageuka. Wanaume walikuwa wamehamisha viti vyao hadi kwenye ua wetu ili waone vizuri.

"Njooni mshike."

Gedi akaweka birika chini. "Mama Nasteha, nyumba ni kazi ya wanawake. Wewe mwenyewe umesema redioni."

"Nilisema ni dhuluma. Inuka."

Wakatazamana. Molu ndiye aliyetangulia, na kwa hilo nimemsamehe kila kitu. Kisha Oliver, akashuka kitandani. Kisha Gedi. Kisha wengine wote, maana ni vigumu kukaa peke yako kwenye viti vingi. Tukasimama duara, mwanamume, mwanamke, mwanamume, mikono chini ya fito. Batula akatoa sauti, ile ya kuvuta kamba, nasi tukajibu na kuinua.

Udongo ulinyonya, ukanyonya, kisha ukaachia kwa mlio wa ng'ombe anayetoa mguu topeni. Nyumba ikapanda hadi magotini. Hadi kiunoni. Hadi mabegani. Kwa mbali lazima ilionekana mnyama mkubwa mwenye manyoya na miguu mingi, mingine na viatu vya ofisi. Mbuzi waliona hivyo. Hawajarudi hadi sasa.

Na chini yake, katikati, juu ya mkeka mpya, alikuwa amelala mume wangu.

Tangu adhuhuri tulikuwa tunamtafuta aje kushusha kitanda. Pembeni mwake palikuwa na chupa ya chai na gazeti langu. Akafumbua macho akaona ua mahali palipokuwa na ukuta, na ukoo wake wote umesimama kumzunguka umeshika nyumba mabegani.

"Nilikuwa naangalia kama inavuja," Abdullahi akasema.

Hakuna aliyeweza kucheka, tungeiangusha. Nilisikia Batula upande wa pili akipumua kwa pua kama farasi.

"Baba Nasteha," nikamwambia, "toka au shika."

Akatazama njia ya kutokea. Ilikuwa miguu tu pande zote. Akashika.

Kitanda kikasukumwa ndani. Nyumba ikashuka juu yake polepole, ikakaa sawasawa kama kawa juu ya sinia la wali. Tukazishindilia nguzo kwa miguu. Batula akazunguka akikagua, fundo baada ya fundo, na hakuna hata moja lililolegea. Kisha akaketi chini kwenye tope, na leso yake safi, akacheka mpaka akalia, nami nikaketi karibu naye. Mvua ikaanza. Hatukuondoka.

Jumapili, 18 Mei

Jana Nasteha ameolewa.

Nilisimama mlangoni mahali pa mama, nikamvuta Batula asimame nami. Alikataa, nikavuta zaidi. Mlango ule, kama dunia nzima sasa inavyojua, ni mwembamba, na sisi wawili si wembamba. Tuliuziba kabisa. Nasteha alipofika alitutazama, akatutazama, kisha akainama na kupita katikati yetu kwa kusukuma, akiwa na manukato yote, na hapo ndipo nilipolia, kwa hiyo maelezo mengine muulizeni Dama, ambaye anayatoa bure na kwa kuongeza.

Asubuhi hii nimekunywa chai ndani ya nyumba ya binti yangu. Alinikaribisha kwake. Alisema hivyo hivyo: kwangu. Molu aliomba ruhusa ya kuingiza viatu.

Nilichosema redioni bado nakisema. Kazi ile ni kubwa mno kuachiwa watu wa jinsia moja, na mgongo wangu ni shahidi. Lakini nilisema nusu. Nusu ya pili nimeijua kwa Nasteha na kwa Batula, na nikiitwa tena nitaisema kwanza.

Ukurasa huu nautoa nakala leo hii na kuubandika kwenye ukuta wa hoteli ya Gedi, chini ya televisheni, mahali macho yenu yanapofika bila kulazimishwa. Nawaandikia nyinyi wenye viti pale: Gedi, Oliver, Molu, Abdullahi mume wangu, na kila aliyeinua juzi na sasa anapita mjini akionyesha mkono alioinulia. Nyumba ya Batula inavuja upande wa kusini. Mvua zote hizi imemvujia yeye, kwa kuwa nyasi zake na fito zake bora zimekwenda kwa Nasteha. Jumamosi ijayo asubuhi mje kwake na mapanga. Mtakata, mtabeba, mtakunja na mtafunga, naye atakaa kwenye kigoda na kuwaambia pale mlipokosea. Jioni mtaaga mlangoni na kurudi kwenu. Nyumba itabaki yake. Kazi iwe yenu.